Seli Mia Tano

Ijumaa, 14 Machi

Masika yameanza leo, na hayakubisha hodi. Tangu saa sita mchana tumewasha taa maabara nzima. Saa nane na nusu watu wa upasuaji wakaleta titi, la kulia, kubwa, mgonjwa mwenye miaka arobaini na mitatu. Nikalimwagia fomalini mpaka likafunikwa, nikabandika namba, nikafunga ndoo. Njia ya mtoni haikawii kujaa maji, nikatoka saa tisa badala ya saa kumi. Dada yangu kaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika wa kwanza, kama kawaida yangu. Nikafungua ndoo nikaona titi limo humo zima, halijaguswa na kisu. Kwa muda wa kupepesa jicho nilimtukana mpumbavu aliyeliacha vile. Kisha nikakumbuka ni nani.

Nieleze, maana kama sielezi hapa sijui nitaeleza wapi. Titi likishakatwa, seli zake hazijui kwamba zimeagwa. Zinaendelea na shughuli zao, na zile za saratani zinaendelea kugawanyika mpaka zikose pumzi. Fomalini inazishika palepale zilipo, zisiharibike, ili daktari aone zilikuwa zikifanya nini mwilini mwa mwenyewe. Lakini fomalini haina haraka. Kwa saa nzima inaingia milimita moja, na kwenye mafuta hata hiyo ni kwa kubembelezwa. Ndiyo maana titi zima likifika unalipasua kwa kisu kirefu, vipande kama vya mkate, bila kuvitenganisha, ili dawa ifike ndani. Ni kazi ya robo saa. Juu ya sinki letu kuna karatasi imeandikwa PASUA KWANZA. Aliyeiandika ni mimi.

Usipopasua, nje panashika na katikati panalegea. Seli zilizokuwa zikigawanyika zinamaliza au zinasinyaa, na mpya hazianzi. Baadaye ukiutazama uvimbe kwenye darubini unauona mpole, na upole huo ni wa uongo.

Nimelipasua leo. Uvimbe ulikuwa katikati kabisa, ukubwa wa ndimu, na kisu kilipita kwa ulaini ambao sikuupenda. Nikachukua vipande, nikaviweka kwenye visanduku vyake. Daftari la maabara lina safu ya muda wa kupasuliwa. Nikaandika: Ijumaa, saa tisa kamili. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo limenikera siku nzima.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mzito, mwenzangu anayepaka rangi vioo vya darubini, kafika amelowa mpaka soksi. Tulimpa jina hilo kwa mwendo wake, si kwa mwili, mwili hana. Kaniambia nimenuna. Nikamwambia ndiyo sura niliyopewa, aniache nayo.

Ijumaa, 21 Machi

Leo tumesoma vioo vya lile titi.

Daktari wetu wa darubini tunamwita Hakimu, maana hakutani na mgonjwa lakini hukumu inatoka kwake. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma. Ananiita "mama" tangu nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na nane, na sijui kama anakumbuka jina langu jingine.

Hukumu yake ina mashtaka matatu, kila shtaka lina alama moja mpaka tatu. Kwanza, seli bado zinajipanga kama vijifereji vya titi, au zimejazana ovyo? Pili, viini vyake vinafanana, au kila kimoja kimekuwa na umbo lake? Tatu, ni ngapi zinazogawanyika? Anajumlisha. Tatu mpaka tano ni daraja la kwanza, saratani yenye subira. Sita na saba ni la pili. Nane na tisa ni la tatu, isiyosubiri mtu. Leo aliandika tatu, kisha mbili. Kwenye lile la kugawanyika akazungusha kioo muda mrefu, akaandika moja. Jumla sita. Daraja la pili, tena kwenye ukingo wa chini.

Kisha ikaja alama ya ukuaji, Ki-67. Mzito akipaka hiyo rangi, kiini cha seli inayojiandaa kugawanyika kinageuka kahawia, kilichotulia kinabaki buluu. Tunahesabu seli mia tano, mimi peke yangu, Hakimu peke yake, hatuoneshani. Mimi nilipata thelathini na moja. Yeye ishirini na tisa. Asilimia sita. Chini ya hapo labda umpime mtu asiye na uvimbe kabisa.

Alipomaliza alivuta daftari la maabara, akaitazama safu ya muda. Akalifunga. "Haya, mama," akasema. "Andika."

Ningeweza kusema pale. Neno lilikuwa moja tu. Nikaandika.

Jumatano, 26 Machi

Ripoti imekwenda kwa daktari wa saratani. Mvua haijakatika tangu jana.

Jumatano, 2 Aprili

Watu hawaji dirishani kwetu. Tuko mwisho wa korido, baada ya chumba cha mashuka, na anayefika huku aghalabu amepotea. Kwa hiyo mwanamke alipoinama dirishani nikamwelekeza choo kabla hajafungua mdomo.

"Sitafuti choo, dada yangu," akasema. "Nawatafuta nyinyi."

Alikuwa mrefu, kitambaa kichwani, mkono wa kulia ameukunja kifuani kama aliyebeba kitu. Kwenye kucha za mkono wa kushoto alikuwa na rangi nyekundu, si ya kucha, ya kupakia ukuta. Akanipa karatasi ya kliniki nimsomee namba iliyo juu. Niliijua kabla sijaisoma.

Daktari wa saratani amemwambia tezi za kwapani ni safi, uvimbe ni wa mwendo wa pole, asilimia sita tu, atumie kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Dripu za kemo, ile dawa kali ya kuua seli za saratani, hazihitaji.

"Nimemuuguza mama yangu na hizo dripu," akasema. "Nilikuwa nimeshaupanga moyo wangu, nimeshampanga na mwanangu. Halafu naambiwa sizihitaji! Nikauliza nani kapima, wakasema ni watu wa mwisho wa korido. Nikasema hapana, hao lazima niwaone kwa macho."

Akanishika mkono kupitia dirisha. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kikavu. Nilimwambia ni kazi yetu tu.

Akainua macho juu ya mlango. "Na hicho kibao chenu, jamani! Mimi ni mchora mabango. Nusu ya maduka ya mjini majina yake ni mwandiko wangu. Nitakuja nikitengeneze. Bure. Usinikatalie."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu Mzito akadakia kutoka ndani, "Njoo, mama, hata kesho!"

Jumanne, 8 Aprili

Kaja kweli. Kakwangua kibao chote kwa msasa, kapaka nyeupe. Mkono wa kulia haunyanyuki bado, kwa hiyo alifanya kwa kushoto, huku akiimba. Nimeshinda chumba cha nta, tunamogandishia vipande kabla ya kuvikata, kisicho na dirisha. Nilimsikia hata hivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Leo amechora herufi. Nilipita na trei, akaniita nimshikie ngazi, na mwenye kuomba kwa upole hana wa kumnyima.

Alikuwa anazungumza huku anachora. Mume aliondoka zamani, "akaniachia brashi moja na deni la kumsahau." Mwanawe wa kike yuko mwaka wa mwisho wa shule. Akaniuliza hizo seli tunazihesabuje. Nikamweleza za kahawia na za buluu, na hesabu niliyoipata kwake. Akasikiliza kama mtu wa rangi anavyosikiliza habari za rangi.

"Kwa hiyo kahawia ndiyo mbaya."

"Kahawia ndiyo ina haraka."

"Na zangu zilikuwa thelathini na moja."

"Kati ya mia tano."

"Wewe mwenyewe ulizihesabu? Moja moja?"

"Moja moja."

Akaacha kuchora, akanitazama kutoka juu ya ngazi. "Mungu akulinde macho yako," akasema. Nikaikaza ngazi kwa mikono yote miwili, nikainamisha uso. Alifikiri ni haya.

Jumatatu, 14 Aprili

Sasa kila asubuhi naingia chini ya maandishi yake. Ni herufi nzuri, za buluu, zenye kivuli. Wengine wanasimama kuzisifu. Mimi nimeanza kupita mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka, nikisema njia hiyo ni fupi. Mzito kanikumbusha kwamba siyo.

Usingizi umenikimbia. Nikilala napata saa mbili, tatu. Nimeanza pia kuhesabu vitu. Leo kituo cha basi: watu kumi na saba, wenye kahawia watatu. Madoa ya chai kwenye meza ya chakula. Vigae vya korido. Najiambia niache, najikuta niko kwenye mia na arobaini. Vyote vinanipa namba ndogo. Kila mahali namba ni ndogo, tulivu, nzuri, na mimi siiamini hata moja.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Dada kaosha mto wangu, anasema unanuka dawa. Nimeunusa. Haunuki.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefungua kitabu cha Hakimu alipokwenda kula. Kimesema wazi: mwenye kuhitaji kemo baada ya upasuaji, aianze mapema, na zikipita siku tisini faida yake inapungua sana. Nimehesabu kutoka tarehe kumi na nne Machi. Siku ya tisini ni tarehe kumi na mbili Juni. Leo ni ya thelathini na tisa.

Sasa najitetea hivi. Huenda uvimbe ule ulikuwa mpole kweli. Si kila uliolegea ni mwongo. Labda zilikuwa asilimia sita, au nane, au kumi, na nikisema nitamtoa mtu kwenye raha yake nimtumbukize kwenye hofu bure. Ni utetezi mzuri. Nimeuandika ili niutazame, na kwa kuutazama nimeona hauna miguu, kwa sababu njia ya kujua ipo, hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

Kabla ya upasuaji alichomwa sindano, vikatolewa vijinyuzi vitatu vya uvimbe uleule. Vijinyuzi havihitaji kupasuliwa. Nesi aliviangusha kwenye fomalini palepale kitandani. Hakimu hatoi daraja kwa sindano, anasema kipande kidogo kinadanganya, na rangi ya Ki-67 tunaitunza kwa ajili ya titi zima tu. Kwa hiyo vijinyuzi havikuhesabiwa. Vimo kabatini, kwenye tofali lao la nta, droo ya tatu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefungua droo ya tatu. Nimeifunga.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Siku ya arobaini na tano. Nusu kamili.

Dada kanifuata jikoni. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita na hajawahi kuniuliza swali akakubali jibu la kwanza. "Una nini? Unakula kama unayemlia mtu mwingine." Nikamwambia kazi nyingi. "Kazi umekuwa nayo miaka yote. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mdogo wangu. Utapasuka." Nikamjibu vibaya. Akaondoka na sufuria yake. Nimemkosea na sijamwomba radhi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekata kijinyuzi. Unene mikroni nne, chembamba kuliko unywele, kimetandazwa juu ya maji ya uvuguvugu, kimepanda kwenye kioo bila kukunjamana. Mzito akauliza cha nani. Nikasema ni jaribio la rangi. Akanitazama sekunde moja zaidi ya kawaida, akakichukua.

Jumatano, 7 Mei

Kioo kimetoka.

Sikuhitaji darubini. Ukikiinua kwenye mwanga tu, mstari wa kijinyuzi ulikuwa na rangi ya kutu.

Nilisubiri Mzito aende kula. Nikaweka kioo, nikatafuta eneo, nikaanza. Buluu, kahawia, kahawia, buluu, kahawia. Nilipofika mia nilikuwa na arobaini na sita. Nikafuta nikaanza upya, mahali pengine. Mia tano: mia mbili ishirini na moja. Nikahesabu mara ya tatu nikijilazimisha kuwa mchoyo, kila yenye shaka naiita buluu. Mia mbili na nne.

Zilikuwa hai zote. Hapo zilipo, zimeshikwa katikati ya tendo, nyingine zimeshajigawa, nusu huku nusu huku, zimebakiza kuachana. Hivi ndivyo zilivyokuwa ndani yake siku ile. Na pengine kuna moja iliyotangulia kutoka kabla ya kisu, imejibanza mahali, kwenye mfupa au kwenye ini, na mwezi huu wote inafanya hivihivi huku mwenyewe anameza kidonge kimoja na kuchora majina ya maduka. Nilikaa nikaliangalia hilo wazo mpaka Mzito aliporudi. Nimeogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa, hata mama alipofariki.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda mlangoni kwa Hakimu na kioo mfukoni. Nimebisha. Akasema, "Ndiyo, mama?" Nikamwomba siku mbili za likizo. Akanipa.

Nimerudi kwenye kiti changu nikiwa na likizo nisiyoitaka. Ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya hamsini na tisa. Likizo sikuichukua. Nimesema.

Niliingia bila kubisha ili nisipate nafasi ya kuomba kitu kingine. Nikaweka kioo cha kijinyuzi chini ya darubini yake, nikasema, "Tazama hiki." Akatazama. Hakuuliza cha nani. Mkono wake ukaenda kwenye kile kihesabio cha kubonyeza, ukaanza kubonyeza wenyewe. Baada ya muda ukaacha.

"Hii ni zaidi ya arobaini."

"Arobaini na nne."

"Na zinazogawanyika ziko kila mahali. Hii ni daraja la tatu. Nani huyu?"

Nikamwambia namba. Nikamweleza yote: ndoo, Jumatatu, safu ya daftari, saa tisa kamili. Nilimwambia njia ya mtoni ilikuwa inajaa maji, nikahofia kukwama. Sauti yangu ilitoka sawasawa, kama nasoma ripoti ya mwingine.

Alivua miwani. Bila miwani ni mzee kuliko nilivyodhani, na macho yake ni mekundu kwenye pembe. Nilikuwa nasubiri ngurumo. Miaka kumi na tisa namwogopa mtu huyu.

"Nililiona," akasema. "Mwezi wa tatu. Katikati palikuwa pamelegea, viini vimefifia. Nikajiuliza kama lilichelewa. Nikavuta daftari nikaona mwandiko wako, nikajiambia, huyu? Huyu hawezi kuchelewa. Nikafunga." Akasugua uso. "Kama lingekuwa la Mzito ningeuliza. Ningeagiza sindano ihesabiwe siku hiyohiyo. Wewe sikukuuliza."

Nilitaka kukaa chini lakini sikuambiwa nikae.

"Kwa hiyo tuko wawili, mama," akasema. "Lakini aliyeandika uongo ni mmoja. Kwenye ripoti ya masahihisho nitaeleza ilivyokuwa, na yangu nitayaandika. Na mkuu wa hospitali lazima ajue." Nikasema najua. Akainua simu akampigia daktari wa saratani nikiwa nimesimama palepale, na akasema kila neno, hakupunguza na hakuongeza.

Jioni nikamwambia Dada. Nilipofika kwenye njia ya mtoni akanikatiza.

"Njia gani? Ijumaa ile njia ilikuwa kavu. Ilifungwa Jumapili, mimi ndiye niliyerudi nayo kutoka sokoni Jumamosi."

Nikainamia sahani yangu.

"Ulikuja hapa," Dada akasema polepole, "ukavua viatu, ukaingia kulala. Nilikufunika shuka mwenyewe."

Ni kweli. Nimelidanganya mpaka daftari hili, ambalo halisomwi na mtu. Mvua ilikuwa inapiga bati, hewa imepoa, nikawa nataka kulala. Hakukuwa na kingine. Nilitaka kitanda changu saa moja kabla ya wakati wake.

Jumatano, 14 Mei

Nimeitwa na mkuu wa hospitali. Nimesimamishwa kukata tishu mpaka kikao kiamue. Nabaki kupokea sampuli na kuandika namba. Mzito kanitengea chai, kijiko kasahau. Nilidhani miaka yote haoni mambo. Alijua tangu nilipomwambia ni jaribio la rangi.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imepungua. Wamemwita kliniki leo. Sikutoka chumba cha nta mpaka saa kumi na moja.

Jumanne, 20 Mei

Siku ya sitini na saba. Kaja.

Hakuja dirishani. Alifungua mlango akaingia ndani, akasimama kati ya sinki na mizani. Mzito akanitazama, nikamwashiria atoke. Nilikuwa nimejiandaa kwa makofi, kwa kilio, kwa kelele zitakazofika chumba cha mashuka. Alikuwa mtulivu, na utulivu huo nisingemtakia mtu.

"Wameniambia kuna mtu aliacha titi langu kwenye ndoo," akasema. "Hawakuniambia nani. Wakasema kuna utaratibu."

"Ni mimi."

Alikuwa ameshajua, nadhani. Lakini lilimpiga hata hivyo. Niliona bega lake likishuka.

"Wewe uliyenishikia ngazi."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua. Pale chini ya ngazi."

"Nilikuwa najua kwamba nimechelewa. Sikujua kwamba ni mbaya. Ningeweza kujua, na sikutaka."

Akavuta pumzi. "Ijumaa ile ulikuwa unakimbilia wapi?"

Njia ya mtoni ilikuwa mdomoni, tayari, imeshazoea kutoka. Nikaimeza.

"Nyumbani. Kulala."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Mvua ilikuwa inanyesha, nikataka kulala."

"Ukalala?"

"Nikalala."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma toroli la mashuka, gurudumu moja linalia, na tulilisikiliza wote wawili mpaka likapita.

"Nimeanza kuwaza labda ulikuwa na mtoto hospitali," akasema. "Au msiba. Siku nne namtungia huyo mtu shida kubwa kubwa ili nimsamehe." Akafuta uso kwa mkono wa kushoto. "Daktari anasema nafasi bado ipo. Nikamuuliza nafasi kiasi gani ilipotea kwa wiki hizi, akazunguka. Wewe ndiye mwenye kuhesabu. Nipe hesabu."

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta, kila nilichowahi kusoma, kila kioo. "Sina," nikamwambia. "Hakuna anayeweza kuijua. Hata ukipona, hatutajua. Hata usipopona."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho lazima akinunue.

"Dripu ya kwanza ni Alhamisi," akasema. "Saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Mwanangu ana mtihani wa mwisho, sitaki akose. Dada zangu wako mbali. Utakuja wewe."

"Mimi?"

"Sijakusamehe. Usije ukadhani nimekusamehe. Nataka uwepo. Utakaa kwenye kiti, utanitazama saa zote sita." Akafika mlangoni, akageuka. "Na usisinzie."

Alhamisi, 22 Mei

Nilifika saa moja na nusu. Leo hakuna mvua, anga jeupe.

Nesi wa dripu alikuwa na fomu ya msindikizaji. Jina langu akaandika. Uhusiano na mgonjwa, akauliza, ni ndugu? Nikasema hapana. Rafiki? Nikamtazama yeye kitandani, sindano imeshaingia mkono wa kushoto, ule anaochorea sasa. Nesi akangoja na kalamu yake.

"Ni wa maabara," akasema yeye, macho amefumba. "Mwandikie hivyohivyo."

Ikaandikwa.

Dawa ya kwanza ni nyekundu. Ilipoanza kushuka kwenye mrija alifungua macho akaitazama mpaka ilipofika mkononi mwake, kisha akatazama kama mimi naitazama. Nilikuwa naitazama. Alitapika saa nne, nikashika beseni. Saa tano alisema ana baridi, nikamfunika. Hatukuzungumza zaidi ya hayo.

Saa sita alilala. Nilikaa macho.